Paa Moja na Mrithi

Nikisema mimi ni mwami, yaani mfalme wa kwetu, watu wa hapa London hucheka, na siwalaumu. Mwami gani anapanda tramu ya Croydon akiwa na kitambulisho cha usafi shingoni? Basi huwa sisemi. Mara ya mwisho kulitamka neno hilo mbele ya mtu wa serikali ni tulipofika, mimi na mke wangu na mtoto mdogo, tukiulizwa maswali ya ukimbizi. Afisa aliuliza nilikuwa nafanya kazi gani nyumbani. Nikajibu. Mkalimani, kijana wa watu mwenye adabu zake, akainamisha macho kama mtu aliyesikia mkubwa akijamba, kisha akatafsiri. Afisa aliandika bila kucheka, hilo nimpe haki yake. Ni mimi niliyeona haya, na hata leo sijui kama niliona haya kwa sababu ilikuwa kweli au kwa sababu ilisikika kama uongo.

Ufalme wenyewe si mkubwa. Ni milima ya mashariki ya Congo, mashamba ya maharagwe na mihogo, ng'ombe waliosalia baada ya vita, na watu ambao wengi wao wametawanyika. Mdogo wangu ndiye anayekaa kwenye kiti kwa niaba yangu. Mimi nilitolewa shule ya msingi kabla sijamaliza, wazee wakasema mrithi hawezi kukaa darasani akifokewa na mwalimu. Ndiyo maana maandishi yangu yako hivi. Nasoma polepole, naandika polepole zaidi, na mengi nayafuta. Haya nitajaribu nisiyafute.

Kuna mila moja lazima niieleze kwanza, la sivyo nitaonekana mwendawazimu. Kwetu, mwami na mrithi wake hawalali chini ya paa moja. Mtoto akiwa mdogo hakuna neno. Siku anayonyoa ndevu zake za kwanza anajengewa nyumba ng'ambo ya kijito. Mchana anakuja kwa baba yake, wanaongea, anapokea maagizo, lakini jua likishuka anaondoka. Inasemwa kwamba usingizi wa watu hao wawili ukikutana, mmoja humla mwenzake. Haisemwi nani atamla nani.

Mimi nilihamia ng'ambo ya kijito nikiwa na nywele chache kidevuni ambazo hata hazikuhitaji wembe. Baba yangu alifariki ghafla, usingizini. Hakuna aliyeninyooshea kidole, kwa sababu kila mtu alijua nililala upande wa pili wa maji. Kwa hiyo mila ilimlinda mzee, ikamlinda na kijana. Nalitaja hili mapema kwa sababu huko mbele nitaisema vibaya, na si haki kusema vibaya kitu kilichokusaidia bila kutaja kwamba kilikusaidia.

Mwanangu alinyoa ndevu hapa hapa London, kwenye sinki la flati yetu ya ghorofa ya tatu, kwa mashine yangu. Mama yake alisikia ile mashine ikilia, akatoka jikoni, akaniangalia. Nami nikamwangalia. Flati ina chumba kimoja na sebule, kijito hakuna. Mtoto alikuwa analala sebuleni. Mke wangu akampigia simu kaka yake anayekaa Tottenham, akamwambia mtoto atakuwa anakwenda kumsaidia mjomba na masomo ya watoto wadogo, na alale huko huko, asisumbuke na mabasi. Ikawa hivyo. Baadaye akaenda chuo Coventry, chuo kikatuficha. Likizo alikwenda kwa mjomba. Kila Krismasi mama yake alibuni sababu mpya: boila ya kupasha nyumba joto imeharibika, tuna wageni, papa ana kikohozi kibaya. Mimi nilikaa kimya nikila wali wangu. Yule mwanamke alidanganya kwa ajili ya kiti changu miaka yote ile, na hakuwa hata wa ukoo wetu.

Alipougua akafariki, uongo ukaisha, kwa sababu mimi sijui kuubuni.

Mwaka juzi mwenye nyumba alikokuwa amepanga mwanangu aliamua kuuza. Kijana akaja mlangoni na begi mgongoni na jingine mkononi. Anaelewa Kiswahili chote, hata cha matusi, lakini hujibu kwa Kiingereza; nayaandika maneno yake kwa lugha yetu.

"Papa, ni kwa muda tu. Nikipata chumba naondoka."

"Karibu," nikasema. "Hapa ni kwako."

Nilimaanisha. Lakini huku nasema, mawazo yangu yalikuwa yanahesabu kuta. Wakati huo nilikuwa nafanya usafi wa jioni kwenye maofisi, narudi kulala. Kesho yake nikamwendea msimamizi wangu, mama mmoja wa Ghana, nikamwomba zamu ya usiku. Akaniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikasema hapana, napenda utulivu. Akanipa.

Basi tukaanza maisha yetu. Mwanangu alikuwa anafanya kazi ya mchana kwenye ghala la vifurushi. Usiku alilala kitandani mwangu, asubuhi akaamka akaenda, mimi nikarudi nikalala pale pale alipotoka. Kitanda kimoja, watu wawili, usingizi haukutani. Niliona nimekuwa mjanja kabisa. Hata wazee, niliwaza, wangenisifu: mwami ametafuta kijito katikati ya Croydon akakipata kwenye saa.

Na niseme kweli, nilikuwa na furaha. Nilikuta mto bado una joto la kichwa chake. Nilikuta ameacha chai kwenye chupa ya moto, na sahani imefunikwa. Mimi nilimwachia shati lake limepigwa pasi. Mlangoni tulipishana, yeye anavaa viatu, mimi navua.

"Umelala vizuri?"

"Vizuri, papa. Na wewe ukalale vizuri."

Nilidhani huo ni upendo, na ulikuwa upendo. Ila sikujiuliza yeye anauonaje.

Aliyeniambia ni shemeji yangu, yule mjomba wa Tottenham. Shemeji ni mtu wa utani. Akija kwangu hupiga makofi mlangoni kama watu wa kwetu wanavyomsalimu mwami, halafu hupita moja kwa moja kufungua friji. Siku hiyo alipiga makofi, lakini friji hakuigusa.

"Mwami wa Ngazi," akaniita, kwa sababu lifti yetu haifanyi kazi. "Uko unakimbia mtoto juu ya nini?"

"Nani anakimbia?"

"Mtoto amekuja kwangu akalia. Mwanaume mzima na ndevu. Anasema tangu anyoe ndevu papa hamtaki machoni. Alidhani ni chuo, akadhani ni ugonjwa wa mama. Sasa mama hayupo, amekuja kuishi nawe, na wewe umehamia usiku. Anasema, 'Mjomba, papa amebadilisha kazi ili asinione.'"

Nikakaa.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimjibu nini? Dada yangu aliniapisha. Mambo ya kiti chenu si yangu, mimi nilimwoza dada tu, na ng'ombe wenyewe walikuwa wembamba." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mwambie, shemeji. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitasema vibaya."

Nilikubali. Lakini sikumwambia wiki hiyo, wala iliyofuata. Kila nilipofungua mdomo pale mlangoni, nilijisikia nikisema: mwanangu, baba yako anaogopa kulala nawe nyumba moja kwa sababu utamla. Mtu gani anasema hivyo akiwa na mopu ya kupigia deki begani? Kwetu ningeyasema nimekaa kwenye ngozi, wazee wamenizunguka, na yangesikika kama maneno. Hapa yangesikika kama maradhi.

Kumbe yeye alikuwa na dawa yake. Jumamosi moja mchana naamka nasikia nyundo sebuleni. Natoka, namkuta mwanangu na shemeji wamepiga magoti sakafuni kati ya mbao na misumari ya kuzungusha. Wameunga sofa, ile inayofunguka ikawa kitanda. Mwanangu akasimama, jasho linamtoka, akaifungua na kuifunga mbele yangu kama muuzaji.

"Papa, ona. Mimi nitalala hapa. Wewe chumba ni chako tena. Unaweza kurudi zamu ya jioni, usiku ulale kama binadamu." Kisha akaongeza kwa Kiswahili, kile chake cha kukwama kwama, "Nimenunulia wewe usingizi."

Shemeji aliniangalia. Alijua. Alikubali kumsaidia kuunga akijua.

Nami nikasema neno moja. "Rudisha."

"Nini?"

"Irudishe dukani."

Sijui kwa nini halikutoka neno jingine. Nililisema kama mtu anayefukuza mbuzi. Kijana aliangalia sofa, akaangalia bisibisi mkononi mwake, akaiweka juu ya meza taratibu sana, kwa uangalifu kama yai. Nimeona watu wengi wakiaibika mbele yangu, maana kwetu nilikuwa naamua kesi. Sijawahi kuona mtu akiaibika kwa sababu ya zawadi yake mwenyewe.

"Mwami," shemeji akasema, na safari hii hakupiga makofi. "Sasa."

Nikamwambia. Niliyasema yote nikiwa nimesimama na soksi. Ndevu, kijito, baba yangu aliyekufa usingizini, boila ambayo haikuwahi kuharibika, mama yake. Nilipomtaja mama yake, nilijaribu kusema wazi kwamba kosa halikuwa lake, ni mimi niliyekula wali kimya. Mwanangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Sikumkataza, hata mimi ningecheka.

"Kwa hiyo haikuwa kwamba hunipendi."

"Hapana."

"Ni kwamba nitakuua."

"Au mimi nikuue. Haisemwi nani."

"Okay." Akajikuna kidevu. Nikaona anafikiri kweli kweli, kama mtu anayetafuta basi mbadala. "Basi mimi si mrithi. Nimeacha. Mpe mtoto wa baba mdogo, au mpe nani. Nikishaacha, naweza kulala kwenye sofa?"

Hakusema kwa dharau. Alisema kwa upole, kama anayenirahisishia. Shemeji aliguna akageukia dirishani. Na mimi, badala ya kujibu, ndani yangu kitu kikaruka kwa furaha: ndiyo, hiyo ni njia. Ilikuwa kwa kitambo kifupi tu, lakini nilikiona. Mwanangu alikuwa anauza kiti cha babu zake kwa sofa, na baba yake alikuwa karibu kupokea.

"Usitamke hivyo," nikasema.

"Basi sema wewe, papa. Nifanye nini? Niambie tu, nitafanya."

Nikachukua simu nikaingia chumbani, nikampigia mzee wa mila nyumbani, yule anayetunza mambo ya kiti. Alipiga makofi kwenye simu kunisalimu, nikayasikia, makavu, ya mikono ya mzee. Nikamweleza. Nilitarajia aseme hapana, nipate wa kumlaumu. Au aseme ndiyo, nipate wa kujificha nyuma yake.

Mzee hakusema hata moja kati ya hayo.

"Mwami," akasema, "mdogo wako na kijana wake wako kambini. Tangu tuliposhushwa milimani na vita tunalala hema moja, familia nzima. Mimi nalala miguuni kwao."

"Hamkuniambia."

"Hukuuliza. Unauliza afya, unauliza ng'ombe."

"Na mila?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, Mwami."

"Basi imeisha?"

"Sijasema imeisha. Mimi naitunza, siwezi kuiua, siwezi kuifufua. Hilo ni la mwami. Tangu uondoke hujatuagiza neno. Ukiagiza, sisi tutapiga makofi."

Nilirudi sebuleni. Shemeji alikuwa ameshaondoka. Mwanangu alikuwa ameifunga sofa, ikawa sofa ya kawaida ya kukalia, na anafagia vumbi la mbao.

"Wamesemaje?"

"Wanafikiria," nikasema.

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumbunia mwenyewe, bila mama yake. Hawakuwa wanafikiria. Ni mimi niliyepaswa kufikiria, na sikuwa nimefikiria neno lolote la kiti kile tangu ndege itue. Watu walilala kwenye matope, na mimi nilikuwa Croydon nikiwatunzia mila kwa zamu ya usiku, tena kwa kumliza mtoto.

Kijana akaniambia amepata kazi Coventry, kwa rafiki wa chuo. Ataondoka mwisho wa mwezi. Alisema huko ni mbali vya kutosha, "hata usingizi hautafika." Ulikuwa utani, na tulicheka wote wawili. Kicheko kilipoisha nilijua kwamba akishaenda safari hii hatarudi kulala kwangu tena, hata nikimwita.

Sofa haikurudi dukani. Ilikuwa imeshaungwa, hawaipokei.

Wiki ile ya mwisho nilishikwa na mafua, yale mabaya ya kutetemesha. Msimamizi alinirudisha nyumbani mapema asubuhi. Nafungua mlango, namkuta mwanangu naye ndiyo kwanza anavua viatu: ghala lilikuwa na mizigo mingi, wakamwomba afanye usiku. Macho yalikuwa mekundu. Tulisimama pale kwenye korido nyembamba, wote wawili tumetoka usiku, wote wawili tunataka kulala. Saa niliyoifanya kijito ilikuwa imekauka.

Akanigusa paji la uso kwa kiganja, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Papa, unaungua. Nenda kalale."

"Na wewe?"

"Mimi niko sawa. Nenda."

Nilienda. Haki ni kusema kwamba nilikuwa mgonjwa, lakini si haki kujificha nyuma ya ugonjwa: nilisikia vizuri kabisa kwamba naye amechoka, na nilienda. Niliwaza atajilaza kwenye sofa, na litakalokuwa litakuwa. Niliwaza hata hivyo: kama ni kuliwa, basi iwe leo, sina nguvu ya kukataa. Halafu nikalala usingizi wa mawe.

Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa jengo, kwa hiyo mchana ulikuwa umekwenda. Nyumba ilinukia kitunguu. Nikatoka nikijishika ukuta. Sofa ilikuwa imefungwa, mito yake imenyooka, hakuna aliyeikalia. Mwanangu alikuwa jikoni, amesimama. Vyombo vyote vilikuwa vimeoshwa, hata vya kabatini ambavyo havikuwa vichafu. Jiko linang'aa. Alikuwa amemenya viazi sufuria nzima, vingi kuliko tunavyoweza kula, na kisu kilikuwa bado mkononi, na alikuwa anayumba.

"Kwa nini umesimama?"

"Nikikaa nitalala."

"Si ulale!"

"Wewe ulikuwa umelala, papa." Alisema kama anamweleza mtoto. "Wazee bado wanafikiria, si ulisema? Sikutaka kuharibu."

Yeye haamini. Aliniambia wazi kwamba haamini, na alinicheka usoni, na ninadhani ana haki. Lakini alisimama pale tangu asubuhi, baada ya usiku wa kubeba maboksi, anamenya viazi, ili baba yake alale bila hofu, kwa ajili ya neno la wazee ambalo wazee hawakulisema. Mimi ninayeamini nilikuwa nimekwenda kulala nikamwacha. Nilitamani sakafu inifunike. Nikamtoa kisu mkononi.

"Hawafikirii," nikasema. "Nilikudanganya. Waliniachia mimi, nikaogopa."

Aliniangalia tu, macho yanajifunga yenyewe.

"Na wewe umeamua nini?"

Nikachukua simu pale pale jikoni, nikampigia mzee. Sauti yangu ilikuwa mbovu kwa mafua. Nikamwambia mila ya paa nimeiondoa, kwangu na kwa mdogo wangu na kwa atakayekuja, na mrithi ni yule yule. Nilitaka kuongeza maelezo, sababu, labda na kuomba radhi, lakini sikujua mwami anaomba radhi vipi kwenye simu. Kisha nikayasikia makofi, ya mzee kwanza, halafu na mengine, mengi kidogo, sijui akina nani waliokuwa karibu. Mwanangu naye aliyasikia, maana niliweka spika.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Ungeweza kufanya hivyo siku zote?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakusema kitu juu ya hilo, na hadi leo hajasema. Ningependelea aseme.

Akaenda sebuleni, akaivuta sofa ikafunguka, akajiangusha na nguo zake za kazi. Mimi nikarudi kitandani nikaacha milango yote wazi. Sikulala. Nilisikiliza pumzi yake kama mtu anayesikiliza jirani akivunja ukuta, nikingoja. Usifikiri hofu iliniisha kwa sababu nilikuwa nimeagiza. Coventry atakwenda au hatakwenda, alikuwa hajaniambia, na niliona sina uso wa kumuuliza siku hiyo.

"Papa," akaita kutoka kule, kwa Kiswahili, sauti imeshazama nusu. "Funga pazia. Jua linanipiga."

Nikaamka, nikaenda, nikalifunga.